Kusugua prosesa kwa msasa hadi iwe bapa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wanaoshindwa kazi hii hushindwa kwa namna ileile. Wanasugua, wanapata uso unaong'aa hadi unaweza kuchania nywele mbele yake, wanarudisha hitisinki (kipozeo cha chuma kinachokaa juu ya prosesa), wanawasha mashine, na joto liko palepale. Wengine hukuta limepanda. Walitafuta mng'ao, na mng'ao hauhusiki. Kinachoshusha joto ni ubapa: uso wa prosesa na uso wa hitisinki kugusana sehemu zote, pesti, ule ute wa kupitisha joto unaopakwa kati yao, ibaki nyembamba kabisa.

Kifuniko cha juu cha prosesa ni cha shaba, na shaba hupitisha joto kwa takriban wati 400 kwa mita kwa kelvini. Pesti nzuri za kawaida hazifiki hata 20. Kwa hiyo kila mahali palipo na bonde, joto linalazimika kupita kwenye pesti nene badala ya chuma, na hapo ndipo digrii zinapopotelea. Ukielewa hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana.

## Kwanza: nani asiguse msasa

Wenye laptop. Prosesa ya laptop haina kifuniko. Kile kioo cheusi unachokiona ukitoa hitisinki ni silikoni yenyewe, yaani chipu inayofanya kazi, na msasa ukikipitia umeiua. Kadi za picha nazo ziko hivyohivyo.

Wenye Intel za kizazi cha 3 hadi cha 8. Zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazouzwa kwa wingi kama mitumba nyingi ziko kwenye kundi hili. Tangu 2012 Intel ilikuwa ikiweka pesti kati ya silikoni na kifuniko kwenye prosesa zake za kawaida, badala ya kuviunganisha kwa kulehemu. Kizuizi kiko chini ya kifuniko. Ukisugua juu, utakuwa umechoka bure. Badilisha pesti ya nje, safisha feni, basi.

Wenye soketi ya LGA1700, yaani Intel za kizazi cha 12, 13 na 14. Hapa shida ni kibanio cha soketi: kinaikandamiza prosesa kwa nguvu katikati ya kingo zake ndefu, kifuniko kinapinda na kufanya bonde. Ukiitoa ukaisugua ikawa bapa mezani, ukiirudisha inapinda tena. Dawa yake ni fremu ya kubadilisha kibanio, kama zile za Thermal Grizzly na Thermalright. Weka fremu, pima, na mara nyingi hutauhitaji msasa.

Wenye AM5, soketi ya AMD ya Ryzen mpya. Kifuniko chake kimekatwakatwa pembeni na kwenye mianya hiyo kuna vipuri vidogo viko wazi. Maji yenye unga wa shaba yataingia humo. Inawezekana kuifanya, lakini si kazi ya mtu anayejifunza.

Wanaobaki ni wenye Ryzen za AM4, soketi ya AMD iliyotangulia AM5, hasa za mfululizo wa 3000 na 5000, na Intel zenye herufi K za kizazi cha 9, 10 na 11. Karibu zote zimelehemiwa ndani, na mwongozo huu ni wao.

Mambo mawili zaidi kabla hujafungua boksi. Garantii inakufa pale msasa unapogusa, kwa sababu maandishi yote juu ya kifuniko yatafutika, namba ya bidhaa ikiwemo. Na kuuza prosesa isiyo na jina ni kazi ngumu. Halafu, kama una Ryzen 7 5800X inayochemka, jaribu kwanza kuishusha kutoka kundi la wati 105 hadi 65 kwa kuwasha Eco Mode kwenye bayosi, ile mipangilio ya mashine unayoifungua kabla Windows haijawaka. Ni bure, inachukua dakika mbili, na mara nyingi inashusha joto kuliko msasa utakavyoweza. Ukishafanya hivyo na bado unataka zaidi, endelea.

## Vifaa

- Kipande cha kioo, unene wa mm 6 au zaidi, ukubwa wa karatasi ya A4 au kupita kidogo. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu wana mabaki mengi. Waombe wakukatie na kusaga kingo usijikate. Usitumie meza ya mbao, kigae wala sahani. Ubapa wa kazi yako hauwezi kuzidi ubapa wa kitu ulichosugulia juu yake.
- Msasa mweusi unaotumika na maji, ule wa mafundi rangi wa magari: namba 400, 600, 800, 1000 na 1500. Chukua karatasi tatu za 400, moja moja za zilizobaki. Msasa wa mbao, ule wa kahawia, ukilowa unameguka.
- Maji kwenye chupa ya kupulizia, na matone mawili ya sabuni ya vyombo.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa mara nyingi ina mafuta ndani yake, nayo yanabaki juu ya chuma.
- Wembe mpya.
- Maka peni nyeusi.
- Tepu ya karatasi, ile wanayozibia vioo vya gari kabla ya kupiga rangi.
- Sponji ngumu nyeusi ya kuhifadhia vipuri vya umeme, kama prosesa yako ina pini.
- Mswaki laini usiotumika, vitambaa visivyotoa nyuzi, glavu nyembamba.
- Pesti mpya. Isiwe ya chuma kimiminika. Sababu iko mbele.

## Hatua ya 1: Pima joto la sasa

Bila kipimo cha mwanzo hutajua kama umefaulu, utabaki kubahatisha.

Weka feni zote kwenye kasi moja isiyobadilika kupitia bayosi. Fungua HWiNFO64, programu ya kusoma joto, kisha endesha Cinebench R23, programu ya kuikamua prosesa, ile ya dakika 10. Andika joto la prosesa mwishoni, halafu andika joto la chumba. La pili ndilo watu wanalolisahau. Ukipima mchana wa Januari Dar es Salaam na ukarudia usiku baada ya mvua, tofauti yote inaweza kuwa ya hali ya hewa.

Unachotafuta ni tofauti. Chumba kikiwa 31 na prosesa 86, tofauti ni 55. Ukirudia baada ya kazi ukakuta chumba 27 na prosesa 82, tofauti bado ni 55. Namba imeshuka kwa digrii nne, na hujapata kitu.

## Hatua ya 2: Toa prosesa bila kuivunja

Kwa AM4, iache mashine ifanye kazi kwa dakika kadhaa ili pesti ilainike, kisha uizime na kuchomoa waya wa umeme. Fungua skrubu za hitisinki, izungushe kidogo kushoto na kulia hadi uisikie inaachia, ndipo uinue. Ukiivuta moja kwa moja juu, pesti iliyokauka itaibeba prosesa nzima kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zitapinda. Zipo 1331. Hutapenda kuzinyoosha.

Futa pesti yote kwa isopropili. Piga picha ya maandishi ya juu, karibu na kwa mwanga mzuri, uihifadhi mahali ambapo hutaipoteza. Kisha funika soketi kwenye madabodi (ubao mkuu wa mashine) kwa kitambaa safi. Kazi ya msasa ifanyike chumba kingine.

## Hatua ya 3: Kagua kama kuna tatizo

Simamisha makali ya wembe juu ya kifuniko, uangalie usawa wa macho dhidi ya dirisha au taa. Fanya hivyo kwa urefu, kwa upana, na kona hadi kona.

Mwanga ukipenya katikati, kuna bonde. Ukipenya pembeni, kuna kilima. Usipopenya popote, acha hapo hapo: prosesa yako ni bapa tayari, na msasa utaiharibu tu.

Rudia kipimo hicho kwenye kitako cha hitisinki. Wengi huruka hapa, ilhali hitisinki ndiyo yenye kosa mara nyingi, na ni ya bei nafuu kuliko prosesa. Ila jihadhari na vitu viwili. Baadhi ya watengenezaji, Noctua wakiwemo, huweka kilima kidogo kwenye kitako kwa makusudi, ili kikandamize katikati ya kifuniko. Na hitisinki ambazo mabomba yake ya shaba yanagusa prosesa moja kwa moja zisiguswe na msasa kabisa. Kuta za mabomba hayo ni nyembamba. Ukitoboa moja, kimiminika cha ndani kinatoka na bomba hilo limekufa.

## Hatua ya 4: Linda upande wa chini

Unga wa shaba unapitisha umeme. Chembe moja ikikwama kati ya pini mbili inatosha kuleta shoti.

Kwa Intel, bandika tepu ya karatasi kufunika upande wote wa chini, uikunje kidogo juu ya kingo za ubao wa kijani. Kwa AM4, ingiza pini taratibu kwenye sponji ngumu nyeusi hadi zizame, kata sponji ilingane na prosesa, kisha zungushia tepu pembeni. Usitumie sponji ya vyombo: ni laini mno, pini zitalala.

## Hatua ya 5: Andaa kioo

Safisha kioo, kipulizie maji, laza msasa namba 400, kisha usukume hewa yote kutoka katikati kwenda nje kwa kiganja. Maji yanaushika msasa. Punje moja ya mchanga chini ya karatasi inatengeneza kilima, na kilima hicho kitachimba mtaro kwenye kifuniko chako. Pitisha kidole juu ya karatasi nzima kabla ya kuanza.

Pulizia tena juu ya msasa. Uwe umelowa, usiwe unaogelea.

## Hatua ya 6: Msasa namba 400

Kazi yote iko hapa. Namba zinazofuata ni za kufuta mikwaruzo tu; ubapa unapatikana hapa au haupatikani.

Chora miraba kwa maka peni juu ya kifuniko. Igeuze prosesa, uso ukiutazama msasa. Ishike kwa kidole gumba na vidole viwili, chini kabisa kwenye kingo, karibu na karatasi. Usiweke kidole juu yake na usikandamize. Uzito wa mkono unatosha.

Vuta kuelekea kwako kwa mstari ulionyooka, inua, rudisha mwanzo, vuta tena. Kwa nini usisukume? Kwa sababu unaposukuma, ukingo wa mbele unajichimba, prosesa inayumba kama stuli yenye mguu mfupi, na kila inapoyumba inakula kingo. Kingo zikishuka umetengeneza kilima, na ndicho kinachowapata wale wanaolalamika kwamba joto limepanda. Mtindo wa kuzungusha mduara nao una kosa hilohilo.

Vuta mara kumi, geuza prosesa robo mzunguko, vuta kumi nyingine. Ukimaliza pande zote nne, ifute uitazame.

Soma rangi. Nikeli iliyopakwa juu ya kifuniko ni ya fedha, shaba iliyo chini yake ni nyekundu. Kama kuna bonde, shaba itajitokeza kwanza kwenye kona nne, kisha itaunda fremu kuzunguka dimbwi la fedha katikati, na mistari ya maka itabaki ndani ya dimbwi hilo. Kama kuna kilima, shaba itaanza katikati na kutanuka kwenda nje. Maji nayo yanakusemesha: mwanzoni yanatoka ya kijivu, nikeli ikiisha yanageuka rangi ya hudhurungi yenye wekundu.

Shaba ikitoka upande mmoja tu, mkono wako unaegemea upande huo. Legeza vidole, badilisha namna ya kushika, usijaribu kufidia kwa kukandamiza upande wa pili.

Pulizia maji kila mara, futa tope kwenye msasa. Karatasi ikianza kuteleza bila kuuma, ibadilishe. Nusu saa hadi saa nzima kwenye hatua hii ni kawaida.

Hapa ndipo subira huwaishia watu. Linabaki dimbwi la fedha lenye ukubwa wa ukucha katikati, wanasema "si neno, limebaki kidogo," wanaruka kwenda 800. Dimbwi hilo mara nyingi liko juu ya silikoni au karibu nayo, pale joto linapotokea. Usiondoke kwenye 400 hadi kifuniko chote kiwe chekundu kona hadi kona.

Utajua umefaulu ukichora miraba mipya na mivuto mitano ikaifuta yote kwa pamoja, na wembe usipopitisha mwanga popote. Dalili nyingine utaihisi mkononi: uso bapa kwenye msasa uliolowa unaanza kung'ang'ania, hautelezi ovyo. Ukiona hivyo, acha. Kuendelea kusugua hakuongezi ubapa, kunapunguza kifuniko tu. Kikishuka kupita kiasi, hitisinki haitakibana vizuri.

## Hatua ya 7: 600, 800, 1000, 1500

Kabla ya kila namba, osha kioo, futa prosesa, badilisha maji. Chembe moja ya 400 iliyobaki itachora mkwaruzo utakaokurudisha nyuma.

Utaratibu ni uleule, isipokuwa sasa vuta upande mmoja tu hadi mikwaruzo ya namba iliyopita, ambayo inakatiza yako, ipotee yote. Ndipo ubadilishe namba na kugeuza robo mzunguko. Dakika tano hadi kumi kwa kila namba.

Usiruke namba. Kutoka 400 kwenda 1500 moja kwa moja utasugua hadi usiku, na 1500 haiwezi kufuta mifereji ya 400.

Ukimaliza 1500 utakuwa na wekundu laini wenye ukungu mwepesi. Panatosha. Dawa za kung'arishia vyuma achana nazo, zinaacha utando wa mafuta au nta ambao ni kizuizi kipya cha joto, na kazi yako yote ilikuwa kuondoa vizuizi.

## Hatua ya 8: Safisha

Tepu ikiwa bado ipo, futa juu na kingo kwa kitambaa chenye isopropili hadi kitambaa kitoke cheupe. Kisha bandua tepu polepole, ukiwa umegeuza upande wa chini utazame chini ili tope lisidondokee kwenye vipuri.

Vaa glavu mpya. Chovya mswaki kwenye isopropili, upitishe kwa ulaini upande wa chini. Kwa AM4, fuata safu za pini, usikatize. Tumia kamera ya simu ukikuza picha kukagua kila safu. Unatafuta chembe nyekundu na pini iliyoinama.

Iache ikauke saa kadhaa mahali pasipo vumbi. Usiianike juani.

Shaba tupu inashika alama za vidole na kubadilika rangi, kwa hiyo usiiguse. Wekundu ukififia kidogo kabla hujaifunga, kitambaa chenye isopropili kinatosha.

## Hatua ya 9: Funga

Rudisha prosesa, pembetatu ikikaa kwenye pembetatu ya soketi. Ya AM4 iingie yenyewe bila kusukumwa. Ikikataa, pini imepinda.

Weka pesti tone moja katikati, kiasi cha punje ya njegere, na vitone vidogo vinne kuelekea kona. Nyuso zikiwa bapa unahitaji pesti kidogo kuliko zamani.

Kuhusu pesti ya chuma kimiminika: ina galiamu, na galiamu inazama ndani ya shaba tupu. Nikeli ndiyo iliyokuwa kinga, nawe umeiondoa. Itakauka baada ya muda na kukulazimisha kupaka tena. Na kama kitako cha hitisinki ni cha aluminiamu, itakitafuna.

Kaza skrubu kwa kuvuka kona: ya kwanza kidogo, ya mkabala kidogo, kisha nyingine mbili, halafu urudie hadi zote zifike mwisho.

## Hatua ya 10: Pima tena

Feni kasi ileile, Cinebench ileile, andika joto la chumba. Linganisha tofauti mbili.

Tarajia digrii chache, si miujiza. Kupungua kwa 2 hadi 5 ni matokeo ya heshima. Anayepata zaidi ya hapo alikuwa na kifuniko kibovu sana au pesti ya zamani iliyokauka, na sifa nyingine ni ya pesti mpya.

Tofauti isipobadilika, au ikiongezeka, fungua hitisinki utazame alama ya pesti. Pesti nyembamba kote inayoonyesha shaba kwa chini ni mgusano mzuri. Pesti nene katikati ni bonde lililobaki, rudi 400. Pesti nene kwenye kona zote ni kingo ulizozila. Nene upande mmoja ni skrubu, kaza upya kabla hujalaumu msasa.

Na kama mashine haiwaki kabisa, usiiwashe na kuizima mara nyingi. Chomoa umeme, toa prosesa, kagua pini au vigusio vya soketi kwa kamera ya simu, safisha kwa isopropili, kausha, rudisha. Angalia pia RAM na nyaya za umeme za prosesa, kwa kuwa ulizigusa wakati wa kufungua. Ikiwaka feni bila picha, toa betri ya bayosi kwa dakika tano uirudishe, kisha jaribu ukiwa na RAM moja tu.